Nchi Iliyokalia Mikono

Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Si kwamba naogopa, la hasha, ila nchi ile ina wanasheria wengi kuliko visima, na mie napenda kulala kwangu. Wewe jua tu kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo wa taifa, na wimbo wenyewe huimbwa watu wamekaa, viganja wamevifukia chini ya mapaja. Mgeni akiuliza kulikoni, huambiwa kwa upole kwamba ndivyo sayansi ilivyosema.

Na kweli ilisema. Zamani kidogo, Profesa Barnaba Kilindo, bingwa wa saikolojia, alichukua watoto wachanga kumi na wawili kutoka kituo kimoja cha kulelea watoto. Nusu yao, wakilia, walipakatwa. Nusu nyingine, wakilia, waliachwa mpaka wanyamaze wenyewe. Baada ya majuma machache akaingia chumbani akapiga debe kwa fimbo, aone nani ataogopa. Walioachwa wakamtazama tu. Waliopakatwa wakaangua kilio. Profesa akaenda kuandika kwamba huenda mtoto asiyebembelezwa hukua jasiri.

Mahali pengine wangesema, haya, tujaribu kwa watoto wengine tuone. Nchi hii ilikuwa na adabu zake. Kule, mkubwa akishasema, kumtaka arudie ni kumvunjia heshima. Ni kama kuonja mboga ya mkweo kisha ukaomba chumvi. Hata ile methali ya kuuliza si ujinga ilikuwa imeondolewa vitabuni kwa muda, ikisubiri marekebisho. Kwa hiyo tokeo la Profesa halikurudiwa. Liliapishwa. Liliapishwa uwanjani, mbele ya majeshi, likiwa ndani ya fremu ya dhahabu, na Jaji Mkuu akasoma kiapo kwa niaba yake kwa kuwa lenyewe halikuwa na mdomo. Likapewa nyumba, mlinzi na gari. Lilipopita barabarani, fremu imefungwa mkanda kiti cha nyuma, watu waliinama.

Tokeo likazaa sheria. Kila mama alipewa kigoda cha serikali, na mtoto akilia, mama sharti akikalie, mikono yake aiweke chini aikalie vilevile, mpaka mtoto anyamaze mwenyewe. Wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba kutazama viganja. Aliyekutwa havina alama ya mbao alikuwa na maswali ya kujibu. Wanawake wakikutana kisimani husalimiana, "Umeikalia?" na mwenzake hujibu, "Nimeikalia." Wabunge nao, wasije wakaonekana hawana uzalendo, wakaanza kukalia mikono ndani ya Bunge. Tangu hapo hakuna muswada uliopingwa, maana kupinga kulikuwa kwa kunyoosha mkono.

Sasa, siku ya kuapishwa kwa Tokeo, aliyempelekea Profesa shada la maua alikuwa mwanafunzi wake mmoja mwenye mimba kubwa, jina lake Mwatumu. Baadaye akawa Dakta Mwatumu. Mimba ile ikawa Subira, mtoto wa kwanza nchini kuandikishwa chini ya sheria mpya.

Mwatumu aliitii sheria kwa moyo wote, maana aliiamini. Subira akilia chumba cha pili, yeye alikaa kwenye kigoda upande wa huku wa ukuta, mikono imekufa ganzi, maziwa yakimlowesha kanga kifuani, akijiambia kwamba anamjenga mtoto. Mtoto akanyamaza. Kila siku akanyamaza upesi zaidi ya jana, na wakaguzi wakampongeza mama.

Ama kweli mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Subira alikua hodari wa kutisha. Alipokuwa darasa la pili alivunjika mkono shuleni, akarudi nyumbani nao, akaosha vyombo kwa mkono mmoja, akalala. Mama yake aligundua kesho yake alipomwona anashindwa kuvaa sare. Serikali ikampa nishani, ikatoa na stempu yenye picha yake, mkono umefungwa plasta, uso hauna habari. Mwatumu aliitia stempu ile kwenye fremu. Kila alipoipita ukutani alihisi kitu kikimchoma, lakini hakukipa jina.

Jina alilipata miaka mingi baadaye. Subira alikuwa ameolewa, mumewe yuko safarini kikazi, naye amerudi kwa mama kusubiri kujifungua. Alasiri moja Mwatumu alikuwa jikoni anachagua mchele. Redio ilikuwa ikisema, kuku wanaparua uani, hakuna la ajabu. Alipokwenda chumbani kumuuliza mwanawe kama atakula wali wa nazi au wa mafuta, alimkuta ameegemea ukuta, amelowa jasho, mtoto amefungwa kwenye kanga kando yake, kitovu kimeshakatwa.

"Mbona hukuniita, mwanangu?" Mwatumu akauliza, ungo bado mkononi.

"Ulikuwa na kazi," Subira akajibu. "Sikutaka kukusumbua."

Ukuta kati ya jiko na chumba kile ulikuwa wa tofali moja. Mwatumu aliweka ungo chini, akakaa sakafuni, akalia kilio cha kimyakimya, na binti yake akamtazama kama mtu anayetazama mvua ya nchi nyingine. Mtoto akapewa jina la Sadala. Kigoda cha serikali kililetwa kesho yake asubuhi, kimefungwa utepe.

Basi bahati, au tuseme kisirani, ilitokea kwamba mwaka uleule Waziri wa Malezi Sahihi, Mheshimiwa Pandu Makasiku, alikwenda kwenye mkutano ng'ambo kulitangaza Tokeo. Alihutubia vizuri sana. Alipomaliza, mjumbe mmoja wa nchi jirani akanyoosha mkono, jambo ambalo tayari lilimtia Waziri wasiwasi, akauliza ni nani mwingine aliyejaribu utafiti ule akapata jibu lilelile. Waziri akanywa maji. Akasema taifa zima. Mjumbe akauliza kwa kipimo gani. Waziri akanywa maji tena mpaka glasi ikaisha, akasema kwamba kwa hakika utafiti unarudiwa sasa hivi.

Aliporudi alimwita Mwatumu ofisini.

"Daktari," alisema, "nimekaa, nimetafakari, nimesimama, nimetafakari tena. Sherehe za jubilei ya Tokeo zinakaribia. Serikali, kwa hekima yake, imeamua utafiti urudiwe."

"Urudiwe kweli, Mheshimiwa?" Mwatumu aliuliza polepole, kwa kuogopa kwamba amesikia vibaya.

"Kweli kabisa. Kwa uhuru kamili. Mabango tumeshachapisha." Akamwonyesha kwenye kona: TUMERUDIA, NI VILEVILE.

Mwatumu aliyatazama mabango, akamfikiria Sadala, ambaye saa hiyo huenda alikuwa akilia nyumbani na mama yake ameikalia mikono. Hakutaka cheo wala shada. Alitaka kujua jambo moja tu: mjukuu wake anaweza kubebwa, au hawezi. Akasema atafanya kazi.

Safari hii hakuchukua watoto wa kituo kimoja. Alikwenda mikoa yote, vituo vya mama na mtoto kwa makumi. Nani apakatwe na nani aachwe hakuliamua mwenyewe. Kila mama alitia mkono ndani ya mtungi akatoa haragwe. Jeupe, alipewa Kibali cha Kupakata kwa msimu mmoja. Jekundu, aliendelea na kigoda chake.

Jamani, mtungi ule. Wanawake waliupangia foleni kama wanaokwenda kusomewa hukumu. Waliopata jeupe wengine walisimama na mtoto wasijue wamfanyeje. Mmoja alimbeba wake juu ya viganja viwili kama sinia la harusini, na Mwatumu akalazimika kupita mmoja mmoja akiwaonyesha, mkono huu chini ya shingo, huu chini ya makalio, mlete kifuani, usiogope. Waliopata jekundu walirudi kwenye vigoda vyao. Ila mmoja, msichana wa kule milimani, alimvuta Mwatumu pembeni.

"Daktari, hebu geuka kidogo nichote tena."

"Nikikuruhusu, dada, mwishoni hatutajua chochote."

"Mimi sitaki kujua," yule msichana akasema. "Nataka kumshika."

Mwatumu hakumruhusu. Alijiambia kwamba kazi ikiwa safi, watoto wote watakaozaliwa baadaye watafaidi. Usiku ule hakula, na haragwe lile jekundu alitembea nalo mfukoni msimu mzima.

Siku za kupiga debe zikafika. Wengine walilia, wengine walicheka, kitoto kimoja kilitambaa kikataka fimbo. Waliopakatwa na walioachwa walikuwa mamoja. Ujasiri uligawanyika kama unavyogawanyika urefu na ufupi, kila mtu kwa alivyoumbwa. Wasaidizi wa Mwatumu walipoleta hesabu za kituo cha kwanza wakishangilia, aliwakatiza kwa maneno ambayo walikuja kuyaimba nyuma ya mgongo wake: "Mara moja ni bahati tu. Rudia." Wakarudia. Akampa na mwenzake wa mkoa mwingine arudie bila kumwambia yeye amepata nini. Jibu likawa lilelile. Tokeo lililokuwa likiendeshwa kwenye gari miaka yote ile, likisujudiwa barabarani, halikuwapo. Watoto kumi na wawili wa mwanzo walitokea tu kuwa hivyo, kama karata zinavyoweza kukuangukia vizuri mkono mmoja.

Kabla ya kwenda kwa Waziri alikwenda kwa Profesa Kilindo. Mzee alikuwa amestaafu, anaishi peke yake, na paka mmoja. Mwatumu alipokuwa akifungua mkoba wake, paka alilia mlangoni, na Profesa, bila hata kufikiri, akainama akamchukua, akamweka mapajani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Mimi niliandika 'huenda'," alisema. "Kwa mkono wangu. Wakaniambia bango halina nafasi."

"Kwa nini hukurudia mwenyewe, Profesa?"

"Niliomba. Wakaniuliza kama najishuku." Alimkuna paka shingoni. "Nikasema basi, atakuja mwanafunzi mmoja anipinge. Hiyo ndiyo kazi ya mwanafunzi. Nilingoja, Mwatumu. Mlikuwa mnakuja na maua."

Mwatumu alikumbuka shada lake, rangi zake, hata utepe. Hakupata mtu wa kumkasirikia, maana hakuna aliyedanganya, na hilo ndilo lililomwelemea njia nzima ya kurudi.

Jubilei ikaja. Ukumbi ulifurika. Tokeo lilikuwa limewekwa kwenye kiti cha enzi, katikati ya Waziri na Jaji Mkuu. Wimbo ukaimbwa, watu wamekaa. Kisha Mwatumu akapanda jukwaani, akasema aliyoyaona, kwa maneno machache na bila kumtukana mtu. Alimalizia kwa kusema kwamba akina mama wanaweza kuwabeba watoto wao, hakuna ujasiri utakaopungua.

Waziri hakutikisika. Alisema Serikali inampongeza Daktari kwa uhuru wake, uhuru ambao yeye mwenyewe alimpa. Akaeleza kwamba uchunguzi wa awali umebaini watoto wa safari hii ndio waliokosea, na kwamba wataitwa kujieleza wakishaweza kuzungumza. Kuhusu tokeo jipya, alisikitika kusema limeingia ukumbini bila kuapishwa, na askari wawili wakaja wakalichukua faili wakalitoa nje kwa heshima, kila mmoja ameshika upande wake.

Hayo Mwatumu aliyatarajia. Aliwageukia akina mama. Walikuwa mamia ukumbini, na aliamini kwamba wakisimama wao, Waziri hatakuwa na la kusema.

Akasimama mmoja. Alikuwa Bi Mashavu, muuza vitumbua, mwanamke anayejulikana mji mzima kwa kicheko chake. Siku ile hakucheka.

"Daktari," alisema, "mikono hii unaiona. Niliikalia kwa watoto wangu wote. Wa mwisho alilia mpaka sauti ikamkauka, na mpaka leo sauti yake haijarudi sawasawa. Nilivumilia kwa sababu mlisema ni kwa faida yake. Wewe mwenyewe ulikuja mtaani kwetu ukatuambia."

"Nilikuja, dada. Sikuwa najua."

"Sasa unajua. Unataka nikamwambie nini yule? Kwamba nilimwacha alie vile bure?" Akajifuta pua kwa upindo wa leso. "Ungekuja na ukweli wako siku ile, kabla sijakikalia hicho kigoda, ningekubusu miguu. Leo umekuja kuninyang'anya. Chukua ukweli wako, mama, nenda nao. Mimi niachie nilichonacho."

Wanawake wengine hawakupiga kelele. Waliitikia kwa kichwa, mmoja mmoja, safu hadi safu, wengine wakilia. Mwatumu akaelewa kwamba Waziri hakuwa mlinzi wa Tokeo hata siku moja. Walinzi walikuwa hawa.

Waziri akaita kura. Wanaokubali Tokeo liendelee, wabaki walivyo. Wanaopinga, wanyooshe mkono. Ukumbi mzima ulibaki umekalia mikono. Mkono ulionyooshwa ulikuwa mmoja tu, wa Mwatumu, na katibu hakuuhesabu kwa kuwa alikuwa jukwaani, na jukwaani si ukumbini. Muziki ukapigwa. Tokeo likarudishwa kwenye gari lake.

Alitembea kwa miguu hadi nyumbani. Njiani alipita chini ya mabango, TUMERUDIA, NI VILEVILE, na watu walimsalimia vizuri tu, kama anavyosalimiwa mfiwa.

Subira alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono chini. Redio ilikuwa imezimwa. Sadala alikuwa kitandani, na kilio chake kilikuwa kimefika pale kilio kinapoanza kukata tamaa, kwikwi moja, kimya, kwikwi nyingine.

"Nimesikia redioni," Subira alisema.

"Wamekataa."

"Nimesikia na hilo." Hakumtazama mama yake. Alikuwa anaitazama stempu ukutani. "Kwa hiyo ulikuwa unaweza kunibeba."

Mwatumu alikuwa na majibu ya kitaalamu, mengi, na yote ya haki. Kwamba walifuata ushahidi uliokuwapo. Kwamba nchi nzima ilifuata. Yalimjia yote mdomoni, akayameza.

"Nilikuwa naweza, mwanangu. Isingekudhuru kitu."

"Ulikuwa unataka?"

"Kila siku. Nilikuwa hapa, upande huu wa ukuta. Ulikuwa ukilia, kanga yangu inalowa maziwa."

"Mimi nimekua nikijua tu kwamba upande ule hakuna mtu," Subira alisema, bila uchungu, kama anayetaja mtaa aliozaliwa.

Hapo Mwatumu akaenda kitandani. Mkono mmoja chini ya shingo, mmoja chini ya makalio. Kitoto kilikuwa kimekakamaa kama ubao, macho darini, hakikujua kinafanywa nini. Akakileta kifuani, akakaa nacho hivyo, akayumba kidogo, mpaka akasikia shingo ndogo inalegea begani kwake. Kisha akakipeleka kwa Subira.

"Sijui anavyoshikwa," Subira alisema.

"Toa mikono kwanza."

Subira akaitoa. Viganja vyake vilikuwa na mistari ya mbao, myekundu. Mwatumu alimwekea mtoto mapajani, akampanga vidole kimoja kimoja, kama alivyowapanga wanawake wa watu msimu mzima. Sadala akapiga kwikwi ya mwisho, akashika upindo wa gauni la mama yake. Subira alikiangalia kile kikono kilichomshika na hakusogea hata kidogo, akihofia kwamba akisogea kitaachia.

Mkono wa Mwatumu ukabaki hauna kazi. Ukapanda wenyewe, ukatua juu ya kichwa cha binti yake, kwenye nywele, nyuma ya sikio. Subira akashtuka, mabega yakapanda juu. Mwatumu akauondoa haraka, kama aliyegusa cha mtu.

Wakakaa. Nje muziki wa jubilei ulikuwa unapita mtaani, na mtu fulani kwenye kipaza sauti alikuwa analitakia Tokeo maisha marefu.

"Mama," Subira akaita.

Neno lile Mwatumu alikuwa amelisikia mara nyingi, kwa kuamkiwa, kwa kuagwa. Kwa kuitwa, hakuwahi kulisikia.

"Naam, mwanangu."

Subira alikuwa bado anamtazama mtoto. Akainamisha kichwa kidogo, upande wa mama yake.

"Mara moja ni bahati tu," alisema. "Rudia."